Mkono Wangu, Stebilaiza na Giza la Mwalo wa Kibirizi

Jua la Kigoma huzama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kwa kuwa mji wetu uko magharibi kabisa mwa nchi, huzama zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Likishatoweka, giza huingia upesi, maana tuko digrii 5 hivi tu kusini mwa ikweta na hatuna ile jioni ndefu wanayoifaidi wapiga picha wa nchi za kaskazini. Kwenye mwalo wa Kibirizi huo ndio wakati ambapo kazi inachangamka: mitumbwi inasukumwa majini, betri na taa zinapakiwa, petroli inamiminwa kwenye mashine, na kina mama wanaongoja mzigo wa alfajiri wanapatana bei na wenye vyombo. Kwa miaka mingi huo pia ulikuwa wakati wangu wa kufunga mkoba wa kamera na kurudi nyumbani. Nilikuwa mpiga picha wa harusi na wa picha za paspoti, na sikujua la kufanya mahali ambapo mwanga wote unatoka kwenye taa moja iliyoning'inizwa juu ya maji.

Flashi nilikuwa nayo, lakini flashi huua usiku. Inamulika uso wa mvuvi kama wa mtu aliyefumaniwa, inaumeza mwanga wa taa yake mwenyewe, na inamwacha akipapasa kwa kuwa macho yake yalikwisha kuzoea giza. Stendi ya miguu mitatu nayo haifai penye msukumano, kwa sababu mchanga wa mwalo unatitia, wapagazi wanaikwaa, na hadi umalize kuisimamisha watoto wamekwisha kupanga mstari mbele yako wakitaka kupigwa. Kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kulinisaidia hadi kiwango fulani tu, kwani kamera yangu ya zamani ikivuka 1600 ilijaza chenga kwenye vivuli, na katika picha ya usiku vivuli ndiyo sehemu kubwa ya picha. Kilichobaki kilikuwa kuiacha shata, lile pazia la ndani ya kamera linaloruhusu mwanga kuingia, wazi kwa muda mrefu zaidi huku kamera ikiwa mkononi, jambo ambalo mjomba wangu alinifundisha kuliogopa tangu nikiwa kijana.

Mjomba alikuwa na studio Ujiji enzi za mkanda wa milimita 35. Kanuni yake, ambayo wapiga picha wa zama zile waliifahamu duniani kote, ilikuwa kwamba ukiishika kamera mkononi, namba ya chini ya kasi ya shata isipungue urefu wa lenzi. Kwa lenzi ya milimita 50 usiende polepole kuliko 1/60 ya sekunde, na kwa lenzi ya milimita 200 usiende polepole kuliko 1/250. Lenzi ndefu hukuza kilicho mbali na hukuza vilevile mtikisiko wa mkono, kwa hiyo kosa ambalo lenzi fupi ingelificha linakuwa mchirizi mzima kwenye picha. Mwenye kamera ya kidijiti yenye sensa ndogo, yaani kile kipande kinachopokea taswira badala ya mkanda, inambidi auzidishe urefu huo kwa 1.5 hivi kabla ya kuitumia kanuni hiyo; mjomba hakuwa na haja ya hesabu hiyo, mimi nilichelewa kuijua, na kuna maharusi waliolipia uzembe wangu.

Basi nilipopata kamera iliyokwisha kutumika, yenye kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani yake, yaani stebilaiza, na kusoma kwenye boksi kwamba inaokoa hatua 5, nilipiga hesabu kama mwenye duka. Kila hatua ni kuzidisha muda mara mbili: kutoka 1/60 unakwenda 1/30, kisha 1/15, 1/8, 1/4, hadi nusu sekunde. Nusu sekunde, mkononi! Usiku wa kwanza nilikwenda Kibirizi nikaweka nusu sekunde, nikapiga picha kama 60, nikarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyevuna bila kupanda. Nilipozifungua kwenye kompyuta, baadhi yake ziliniacha mdomo wazi, kwa kuwa mitumbwi iliyopandishwa mchangani ilionekana hadi vichwa vya misumari, na maandishi ya rangi ubavuni yalisomeka neno kwa neno, ilhali watu wote waliokuwa kando yake walikuwa moshi. Palikuwa na miguu isiyo na mwili. Palikuwa na ndoo inayoelea bila mbebaji. Picha nyingine, ambazo zilikuwa nyingi zaidi, zilikuwa zimetikisika kabisa, watu na mbao pamoja.

Nililaumu kamera kwa wiki nzima. Kisha nikatambua kwamba nilikuwa na makosa mawili tofauti ambayo nilikuwa nikiyaita kwa jina moja. Tangu hapo, kabla sijaamua lolote kuhusu picha iliyoharibika, ninatafuta ndani yake kitu kisichoweza kujongea, kama vile msumari, jiwe au nguzo, na kukikuza. Ikiwa msumari umechirizika, kosa ni la mkono wangu au la stebilaiza, na ninaweza kuangalia michirizi inaelekea wapi: ikienda juu na chini, mara nyingi ni kidole kilichobonyeza kwa pupa. Ikiwa msumari umetulia na mtu aliyesimama karibu nao ni moshi, basi mkono wangu hauna hatia, mtu ndiye aliyejongea, na hakuna stebilaiza yoyote duniani itakayomrudisha, kwa sababu kifaa hicho kinaujua mkono wangu tu. Hakijui kwamba mbele yake kuna mtu anayekimbia na ndoo.

Mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kwa miezi 3 kuanzia katikati ya Mei, mwalo ulipoa na mimi nikapata muda wa kupima mambo kwa utulivu. Nilibandika kalenda yenye maandishi madogo kwenye ukuta wa sebule, nikasimama mita 3 kutoka hapo na lenzi ya milimita 50, nikapiga picha 10 kwa kila kasi, kwanza stebilaiza ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Bila stebilaiza mkono wangu ulikuwa mzuri hadi 1/60, ulibahatisha kwenye 1/30, na baada ya hapo ulikuwa aibu. Stebilaiza ilipowashwa, 1/15 ilikuwa karibu sawa na kutumia stendi. Kwenye 1/8 nilipoteza picha mbili kati ya 10, kwenye 1/4 nilipoteza nusu, na kwenye nusu sekunde nilibakiwa na moja niliyoweza kumwonyesha mtu. Kwa hiyo hatua 5 za kwenye boksi, mikononi mwangu, zilikuwa 3 za kutegemea na ya nne ya bahati nasibu. Boksi halikudanganya. Chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, CIPA, kina kipimo maalumu ambacho kamera hufungwa kwenye mashine inayoitikisa kwa mpangilio unaojulikana, na mashine haikimbii mchangani ikamaliza pumzi, wala haina mtu anayeivuta shati akiuliza picha ni shilingi ngapi.

Jaribio hilo lilinifundisha pia namna kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, nikaacha kukitazama kama uchawi. Ndani ya kamera au ya lenzi mna giroskopu ndogo zinazohisi chombo kinavyoinama na kugeuka, na kwa taarifa yake kioo kimojawapo cha lenzi, au sensa yenyewe, husukumwa upande ulio kinyume na mtikisiko ili taswira ibaki palepale ilipoangukia. Canon walitoa lenzi ya namna hiyo kwa kamera za kubadilisha lenzi mwaka 1995, ile ya milimita 75 hadi 300. Minolta wakaisogeza sensa yenyewe katika kamera yao ya DiMAGE A1 mwaka 2003. Na mwaka 2012 Olympus wakaleta E-M5 ambayo sensa yake hujirekebisha kwa njia 5, yaani kuinama, kugeuka, kujiviringisha, na kusogea wima na mlalo. Hawa Olympus waliwahi kueleza, mwaka 2016, kwamba walikuwa wamekaribia kiwango ambacho mzunguko wa dunia wenyewe unaanza kuzichanganya giroskopu, ingawa baadaye watengenezaji walikivuka kiwango hicho. Nilipolisoma jambo hilo nilicheka peke yangu, kwa kuwa mimi nilikuwa bado nashindana na kidole changu.

Kidole ndicho adui ambaye sikumtambua mapema. Mtu anayebonyeza kwa nguvu huisukuma kamera chini wakati uleule ambapo inapaswa kutulia, na msukumo huo ni wa ghafla na mkubwa kuliko mtetemo wa kawaida wa mikono. Siku hizi ninabonyeza nusu kwanza na kungoja kama sekunde moja, kwani kamera yangu huanza kutuliza pale kidole kinapogusa nusu, na kwenye kioo unaiona taswira ikiacha kuelea. Kisha ninaendelea kukandamiza polepole bila kungoja mlio, na ninaiacha kamera ipige picha 3 au 4 mfululizo kwa mbonyezo mmoja. Ya kwanza hubeba kosa la kubonyeza na ya mwisho hubeba kosa la kuachia, lakini za katikati mara nyingi zimetulia, kwa sababu wakati huo kidole hakifanyi lolote. Kwa jambo hili moja nilipata picha nyingi kuliko kwa jambo jingine lolote nililojaribu.

Mwili nao una kazi yake, hata kamera iwe ya kisasa kiasi gani. Mkono wa kushoto unabeba lenzi kwa chini, kiganja kikitazama juu kama cha mtu anayepokea nafaka. Viwiko vinabana mbavu. Mguu mmoja unatangulia. Na pumzi inatolewa nusu kisha inazuiwa kidogo. Kukiwa na ukuta au mti, ninauegemea bila haya. Kahawa ya mkoa wetu, ambayo naipenda mno, nimeihamishia baada ya kazi. Mjomba alikuwa na ujanja wa ziada ambao nilimdhihaki nikiwa kijana na sasa ninautumia kila wiki: skrubu inayoingia kwenye tundu la stendi chini ya kamera, ikiwa imefungwa kipande cha kamba ya nyavu kinachofika chini. Unaikanyaga kamba kwa mguu na kuivuta kamera juu hadi kamba ikaze. Kamba haizuii kamera kuyumba pande zote, lakini inaondoa ule mchezo wa juu na chini, na stebilaiza inabakiwa na kazi ndogo zaidi. Kwa kamba hiyo nusu sekunde yangu imeacha kuwa bahati nasibu, na kifaa chote kinaingia kwenye mfuko wa suruali.

Baada ya kuupatia ufumbuzi mkono wangu, nilibaki na watu, na hapa ndipo nilipokaa kwa miezi mingi zaidi. Mwanzoni niliwaomba wasimame. Mvuvi aliyeombwa asimame hupanga uso, hukaza mabega, na anakuwa mtu mwingine kabisa, kwa hiyo nilipata picha zilizotulia za watu wasiokuwa wao. Ndipo nikaanza kuitazama kazi yenyewe badala ya kamera. Mama anayetupa dagaa mchangani ili wakauke huzungusha beseni, na kabla hajamwaga kuna kitambo kidogo ambacho mikono imefika mwisho wa kwenda nyuma na haijaanza kurudi mbele. Kwa kitambo hicho yeye mzima ametulia kama ukuta. Anayevuta kamba hutulia anapobadilisha mikono. Wanaobishana bei hutulia yule mmoja anaposikiliza jibu, na anayesikiliza ana uso mzuri kuliko anayesema. Nikijua kitambo hicho kinakuja lini, ninabonyeza nusu mapema, ninangoja, na 1/15 inanitosha kwa mtu mzima anayefanya kazi, wakati mwingine hata 1/8.

Si lazima kila kitu kitulie, bila shaka. Alfajiri moja nilimwamkia mama mmoja mwalo ukiwa bado na giza, nikamwomba nipige picha akianika. "Marahaba mwanangu, piga, ila usinichelewesha," akasema, na akaendelea. Nilitumia 1/8. Uso wake na kitenge vilitulia, beseni likachirizika kidogo, na dagaa wakawa utando wa fedha kutoka mikononi hadi mchangani. Kwa 1/250 dagaa wale wangeonekana mmoja mmoja wakiwa wamening'inia hewani, jambo ambalo jicho halilioni kamwe. Tangu hapo ninaichagua kasi ya shata kwa kujiuliza ni kipi nataka kitulie na kipi nataka kipite, na swali la mkono wangu utaweza au hautaweza linakuja baadaye.

Majini mambo yalikuwa magumu kwa namna ambayo nchi kavu haikunifundisha. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi ikiwa kali, kwa kuwa taa zao hazina nguvu mbele yake, kwa hiyo usiku wa kazi ndio usiku wenye giza zaidi katika mwezi. Mara ya kwanza nilipochukuliwa, nilifanya lile ambalo mwili unalipendekeza: niliweka viwiko juu ya ukingo wa chombo ili kupata egemeo. Picha zote zilizopigwa mashine ikiwa inanguruma ziliharibika kwa namna ya ajabu, kila taa ikiwa na kivuli chake kando, kwa sababu mtetemo wa mashine ulipanda kwenye mbao, ukaingia viwikoni na kufika kwenye kamera, nao ni mtetemo wa haraka ambao stebilaiza yangu haiwezi kuufuata. Mwili wa binadamu hula mtetemo vizuri kuliko mbao. Sasa ninakaa katikati ya chombo, magoti yamekunjwa, viwiko vimebana mbavu na haviigusi mbao yoyote, na ninangoja mashine izimwe.

Hata ikizimwa, chombo kinayumba kwa wimbi. Taa za vyombo vingine kwa mbali, ambazo ukiwa ufukweni zinaonekana kama mji mwingine juu ya ziwa, zilitoka kwenye picha zangu za robo sekunde zikiwa na mikia kama mkato wa maandishi. Stebilaiza hujitahidi, lakini kuyumba kwa chombo ni kukubwa na kwa polepole, na kamera haiwezi kuwa na uhakika kama ninageuka kwa makusudi au ninageuzwa na maji. Nilijifunza kubonyeza pale chombo kinapofika mwisho wa kuyumba na kukaribia kurudi, ambapo kwa muda mfupi hakiendi popote, sawasawa na beseni la yule mama. Kwa kawaida majini siendi polepole kuliko 1/30, nakubali chenga za ISO, na nasogea karibu na taa. Kusogea karibu na taa kunaniongezea mwanga kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Kuhusu stendi nitasema machache, maana nilijidhuru mwenyewe. Lenzi yangu moja ya zamani ina stebilaiza isiyotambua kwamba kamera imefungwa mahali, na usiku mmoja iliendelea kutafuta mtikisiko usiokuwapo, ikajitikisa yenyewe, nikapata picha mbovu kwenye stendi kuliko mkononi. Kamera mpya nyingi hutambua, lakini mimi huzima tu. Vilevile nikifuata bodaboda kwa kuigeuza kamera sambamba nayo pale Barabara ya Lumumba, kwenye miembe, huweka stebilaiza katika mpangilio unaotuliza mtikisiko wa juu na chini pekee, vinginevyo inashindana na mgeuko wangu.

Mjomba sasa ni mzee na mikono yake inatetemeka hata akishika kikombe. Aliacha kupiga picha kwa sababu hiyo, ingawa kwa watu husema ni macho. Mwezi uliopita nilimpelekea kamera jioni, barazani kwake Ujiji, ikiwa na ile kamba yake mwenyewe chini, nikamwekea 1/15 na lenzi ya milimita 35. "Mjomba," akaniambia, kwa maana hivyo ndivyo tunavyoitana, "hii ni kasi ya mtu mwenye stendi." Akaikanyaga kamba, akabonyeza, akapiga mfululizo wa picha 4 za mwembe wa uani na kuku wanaopanda kulala. Tatu zilikuwa zimetikisika. Moja ilikuwa na kila jani.

Aliitazama kwa muda, akaikuza hadi kwenye gome la mti, kisha akaniomba nikizime kile kifaa. Nikakizima. Akapiga tena 4 kwa mkao uleule, akazikuza moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa mawingu ya kijani. Akacheka hadi akakohoa, akanirudishia kamera huku mkono ukitetemeka.

"Haya, washa," akasema. "Kuku hawajalala bado."